Miramula Kuzunguka Njugu

Umewahi kuketi juu ya gunia la kahawa katika lori, ukamsikiliza mtu akikueleza atakavyojenga duka juu ya njugu zako? Ndivyo ilivyompata Adelgunda mwaka wa hamsini na mbili, akirudi Kiruruma. Alikuwa amemwamkia shikamoo tu bwana aliyeketi karibu naye, basi.

“Marahaba, mama. Mimi Saleh, mfanyabiashara,” alisema yule bwana, akishikilia tarabushi yake isipeperuke. “Nimepewa kiwanja huko Kiruruma, nyasi tupu! Kufika, wanawake wamekizungushia miti ya mramula. Vibarua wamekataa kuing’oa. Eti ni ya mpaka, anayeing’oa hukauka mkono!”

“Hukauka kweli,” alisema Adelgunda, akificha kucha zake zenye udongo wa juzi.

“Wewe ni mstaarabu, mama, si kama wale. Nitaleta vibarua wa mbali.”

“Na wa mbali wana mikono, bwana.”

Saleh alitazama mkono wake mwenyewe. Lori likasimama. Adelgunda alishuka, akapokea jembe lake, kisha akageuka.

“Bwana Saleh, tangu tulipopanda lori nataka kukuambia. Hizo nyasi tupu ni njugu zangu na za wenzangu. Duka lako kajenge kule kwenye miamba.”