Wellars, Mwanafunzi wa Miaka Arobaini na Tisa

Ndugu, majirani, na ninyi mlioacha biashara zenu mpakani mkaja kutuzika, mnivumilie, mimi ni Théogène, kaka wa marehemu, nimechoka, na karatasi hii nimeiandika mara tatu.

Wellars Karangwa alizaliwa Rubona tarehe 14 Machi 1975, mtoto wa tano wa mzee Mbonigaba na mama Mukamusoni, akamaliza shule ya msingi hapo hapo mwaka 1989, akaingia sekondari na kuiacha mwaka wa pili baba alipofariki, akaenda Goma kwa fundi aliyemfundisha kuandika mabango kwa brashi. Tangu 1998 alikuwa na kibanda Mbugangari, akiandika majina ya maduka, ya saluni, na ya wafu wetu, maana misalaba mingi ya makaburi haya ni mkono wake, hata wa mama.

Tarehe 4 Agosti 2001 alifunga ndoa na Verediane Mukamurenzi, Mungu akawajalia Larissa, Mugisha na Igihozo.

Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango, kibanda kikakosa wateja, na Septemba 2022 Wellars akajiandikisha shule ya ufundi ya sekondari kusomea usanifu wa picha kwa kompyuta, akakaa dawati moja na watoto waliozaliwa yeye akiwa tayari baba. Aliwaonyesha kuchora herufi kwa mkono, wao wakamwonyesha kushika kipanya, na alichokitaka ni kimoja tu, cheti cha Julai mwaka huu, ili afungue tena kibanda.

Sisi wa familia tuliona aibu. Tuliwaambia ninyi kwamba ameajiriwa pale kuwa mlinzi, uongo huo niliuanza mimi, naye aliujua na hakuukanusha, akawa anatoka nyumbani na sare imekunjwa kwenye mfuko, anaivalia shuleni.

Novemba 2024 figo zilimlemea, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, siku nyingine anarudi darasani, mpaka miguu ikakataa. Wodini aliniomba, kwa maneno yake, kaka, mi niko mwanafunzi, uambie watu, nami nikamjibu atawaambia mwenyewe akipona. Alifariki Jumatano tarehe 19 Februari 2025, saa nne asubuhi, miezi mitano kabla ya mtihani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea kila wiki bila kununa, majirani wa Mbugangari waliotupikia siku zote hizi, na walimu wake. Wanafunzi wenzake walikuja jana na jina lake limechapwa vizuri kwa mashine, Larissa akawaomba waliandike kwa brashi msalabani, kila mmoja herufi yake, na mtakaposogea mtaona hazilingani, ya kwanza imelala, ya mwisho imebanwa pembeni. Yeye angewaambia wafute waanze upya, sisi tumeuchukua msalaba hivyo hivyo.

Basi msikie kwangu, hakukuwa na mlinzi yeyote, Wellars alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na alikuwa anafaulu.

Lala salama, mdogo wangu, nimeshawaambia.