Bi. Mwaija Mwinyimvua: Miaka 34 ya Kumtafutia Kila Msomaji Kitabu Chake

Leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Bi. Mwaija Mwinyimvua anastaafu baada ya kuitumikia maktaba yetu ya umma hapa Bagamoyo kwa miaka thelathini na minne. Aliripoti tarehe 1 Julai 1991 akiwa msaidizi wa maktaba, akasoma cheti na baadaye stashahada huku akifanya kazi, na tangu 2009 ndiye mkutubi wa kitengo cha watu wazima.

Wageni humtambua kwa sauti. Hunong'ona, lakini mnong'ono wake husikika mpaka kwenye ngazi za nje. Kijana akimsalimia kwa "mambo", hajibu. Hungoja akitabasamu mpaka shikamoo ije, ndipo aitikie marahaba na kumuuliza anatafuta nini. Hampi mtu riwaya ambayo hajaisoma mwenyewe. Ndiyo maana riwaya mpya zilikuwa na desturi ya kuchelewa kufika rafuni, na sote tulijua zimelala nyumbani kwa nani.

Mwaka 2013 alianzisha sanduku la vitabu pale Msata kwa ajili ya wauzaji wa madukani na wanaosubiri mabasi. Mpaka leo vimepotea vitatu tu. Lakini ukimuuliza yeye kuhusu kazi yake, atakutajia Bw. Haji Yahya.

Bw. Haji ni mfugaji wa kuku wa Mapinga. Alijiunga nasi mwanzoni mwa 2017, akafika kaunta na buti zake za bandani, akaomba kitabu kizuri. Bi. Mwaija akampa cha ufugaji wa kuku. Alipokirudisha akapewa cha magonjwa ya kuku, kisha cha kuchanganya chakula cha kuku. Kwa mujibu wa shajara yangu, Jumanne tarehe 14 Machi aliweka kaunta kitabu cha tatu, na juu yake kadi yake ya uanachama.

"Kuku nimewaacha nyumbani mia nane, dada yangu," alisema. "Huku nimekuja kuwakimbia."

Sisi wengine tulicheka. Bi. Mwaija hakucheka. Kwake msomaji anayerudisha kadi ni kazi iliyomshinda, na alijua kosa ni lake. Alimwomba radhi, akamvutia kiti, akamuuliza akiwa na nafasi huenda wapi. Bw. Haji akakiri, kwa haya kidogo, kwamba huenda mahakama ya mwanzo kusikiliza kesi za watu. Bi. Mwaija akaenda rafuni, akarudi na riwaya nene ya ndugu wanaogombea shamba la urithi, akaomba apewe wiki moja tu kabla kadi haijafutwa.

Ijumaa Bw. Haji alirudi amekasirika: hakimu wa kitabuni amekosea! Walibishana mpaka tukafunga madirisha, na akaondoka na kadi yake mfukoni.

Kesho yake Bi. Mwaija alitukusanya, akatuambia bila kujitetea kwamba alisoma buti za mtu akaacha kumsoma mtu. Tangu siku hiyo hakuna mtumishi anayeinuka kwenda rafuni kabla ya kumuuliza msomaji maswali matatu, na hakuna hata moja linalohusu kazi yake. Watu wazima wanaoazima vitabu walikuwa 212 mwaka ule. Sasa ni 640. Bw. Haji anaongoza kikao cha wasomaji kila Alhamisi baada ya alasiri, na mahakimu bado hajawasamehe.

Kuanzia kesho Bi. Mwaija ni msomaji kama wengine, na kadi yake iko tayari. Bw. Haji aliomba yeye ndiye amchagulie kitabu cha kwanza. Alihangaika rafuni wiki mbili nzima. Kila alichokitoa tulimwambia mama huyo ameshakisoma. Juzi Jumamosi akawaachia jirani kuku wake, akaenda Dar es Salaam kwenye maduka ya vitabu, akarudi na kimoja kilichofungwa gazetini. Atamkabidhi leo kwa mkono wake.

Bi. Mwaija, asante kwa yote. Mwenyezi Mungu akujalie afya, macho mazima na mchana mrefu wa kusoma. Kiti chako cha msomaji kiko karibu na dirisha.