Risper Obare na Barafu Iliyofika Magunga Ikiwa Ngumu

Bi. Risper Obare anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka ishirini na saba katika kiwanda cha barafu cha ushirika wetu hapa Sindo. Aliingia kama karani wa mauzo. Anatoka akiwa meneja, cheo alichokishika tangu 2011.

Alipokabidhiwa ofisi, ushirika ulikuwa umeshatoa onyo: wanunuzi wa samaki walioacha kuchukua barafu yetu wasiporudi kabla ya Krismasi, kiwanda kitafungwa na sote tutafute kazi kwingine. Siku hizo mkutano wa asubuhi ulikuwa wa kumsaka mkosaji. Fundi alimlaumu dereva, dereva akailaumu stima, karani akawalaumu wote. Bi. Risper aliufuta mkutano huo na kutupa lengo moja: mabonge mia tatu kwa siku.

Tulilifikia ndani ya wiki moja, na nusura litumalize. Ili idadi itimie, tulitoa barafu kwenye mikebe kabla haijaganda katikati. Kwa nje ilimeremeta. Ndani ilikuwa maji. Gari lilipofika Magunga, Mama Roselyn Okari, mnunuzi wa samaki aina ya mbuta na mteja wetu mkubwa, alifungua gunia la kwanza, akapiga simu papo hapo. "Risper, mimi niliagiza barafu. Hii ni pi, maji matupu! Maji ninayo, ziwa zima liko hapo."

Tulitarajia mtu afukuzwe. Bi. Risper alituita uani, akasema lengo lilikuwa lake na lilikuwa baya. Sisi tulifanya tulichoambiwa. Kisha akauliza tunataka Mama Roselyn aone nini akifungua gunia.

"Bonge gumu, madam," akajibu fundi Joash Nyangau. "Lile likikuangukia mguuni unamwita mama yako."

Tulicheka, lakini hilo ndilo likawa lengo jipya: barafu ifike Magunga ikiwa ngumu. Akamuuliza kila mmoja anahitaji nini ili jambo hilo liwezekane. Dereva Nchagwa alitaka kuondoka kabla ya jua kupanda. Wapakiaji walitaka turubai. Joash alitaka asiharakishwe. Walipewa, na hakuna aliyesimamiwa begani tena.

Jambo moja aliongeza mwenyewe. Kila safari, mfanyakazi mmoja alipanda gari akashuhudie mzigo ukifunguliwa. Bonface, mpakiaji, alirudi akatusimulia mwezi mzima jinsi Mama Roselyn alivyolipiga bonge kwa shoka mara tatu, likakataa. Kuanzia hapo Bonface alifunga turubai kama anayemfunika mtoto wake.

Desemba Mama Roselyn alirudi kuagiza kwa wingi kama zamani, na wenzake wawili pia. Kiwanda hakikufungwa. Leo barafu yetu inafika hadi mjini Migori.

Si kila lengo la Bi. Risper limefaulu. Lile la kumfanya Joash afike mkutanoni kwa wakati amemwachia meneja mpya, ambaye ni Joash mwenyewe.

Wiki jana tulimuuliza lengo lake sasa ni lipi. "Kulala mpaka saa mbili asubuhi," akasema, "na asinipigie mtu."

Bi. Risper, asante kwa kazi ambazo bado tunazo. Tunakutakia afya, furaha na usingizi wa kutosha. Simu hatutapiga, tutaleta samaki, wakiwa baridi.