Shaba Iliyomlilia Adélie Gaudron

Mama yangu, marehemu Adélie Gaudron, alizaliwa tarehe 12 Machi 1851 hapa hapa Montbresle, binti wa fundi viatu. Alisoma kwa watawa, na huko ndiko alikojifunza kupiga pasi. Hakuna shela ya bibi harusi kijijini hapa ambayo haikupita mikononi mwake. Kengele ya kanisa ilipowalilia maharusi, yeye alibaki dirishani na pasi yake, macho yakiwa mbali, mpaka kitambaa kianze kunuka moto.

Mume wa kwanza alikuwa mlevi na mkono wake mwepesi wa kupiga, nisimseme zaidi. Sheria ilimpa Mama talaka mwaka 1886. Ndipo akampenda baba yangu Anthelme, fundi mapipa, naye pia alikuwa ameachana na mkewe. Walioana mbele ya meya tarehe 14 Septemba 1887. Padri akakataa kupiga kengele: eti mbele ya Mungu bado ni mume na mke wa watu.

Mama alilia njia nzima. “Kwa yule mlevi ililia mpaka ikachoka,” alimwambia Baba. “Kwako wewe, kimya?”

Jioni wanakijiji wakaja wakigonga masufuria, kama tunavyowazomea wote wanaooa mara ya pili. Jirani yetu Honorine alitangulia, akilitwanga karai lake la shaba. “Bibi harusi wa karatasi! Hebu toka tukuone!”

Baba akashika nyundo. Mama akamzuia, akafungua dirisha, akasikiliza kama yuko ndotoni.

“Anthelme, sikia! Wanatupigia kengele!”

Akashuka, akawamiminia mvinyo, akacheza nao mmoja mmoja. Honorine akaishiwa matusi. Tangu hapo wakawa marafiki wa kushibana.

Mapafu yalianza kumsumbua vuli iliyopita. Siku za mwisho alisema anasikia shaba kwa mbali, kama inalia chini ya maji. “Padri hatanipigia,” aliniambia. “Mwambie Honorine.” Alifariki nyumbani tarehe 3 Februari 1909, mkono wake ukiwa mkononi mwa Baba.

Ameacha mume, Anthelme. Binti mmoja, mimi Zélie ninayesoma haya. Na mjukuu, Firmin.

Mnara wa kanisa umenyamaza leo pia. Lakini nyote mmekuja na masufuria, Mungu awabariki. Mama Honorine, anza wewe. Pigeni, Baba asikie kwamba alikuwa na mke.

Lala pema, Mama. Ni wewe tunayekupigia.