Nyembamba Kuliko Faili

Mbele yangu kwenye basi, fundi wa kompyuta alikuwa amepakata laptopu nene kama tofali, akimhubiria dada mmoja mkaguzi wa majengo. "Hizo nyembamba ni urembo tu, dada yangu. Matundu mawili tu ya kuchomeka nyaya, na ikiharibika haifunguliki." Dada akacheka. "Kaka, mwaka mzima napanda ngazi za majengo na yangu nyembamba. Ripoti naandikia huko huko juu, na bega langu limepona."

Akatia mkono mkobani aionyeshe. Akapapasa, akapekua, haipo. Kazi yake ya miezi mitatu ilikuwa ndani ya laptopu hiyo. Fundi akasahau mahubiri, akapiga magoti kuchungulia chini ya viti. Hata mimi niliinua miguu, ingawa hakuna aliyeniomba.

"Hii hapa!" dada akapaza sauti. Ilikuwa katikati ya faili lake la ramani, imelala kama karatasi nyingine. "Afadhali! Roho imerudi."

Fundi akajifuta vumbi magotini. "Yangu haijawahi kupotea."

"Wala bega lako halijawahi kupumzika."

Basi likasimama. Dada akashuka amekumbatia faili kwa mikono miwili. Fundi akamfuata, bega moja chini kuliko jingine, bado anabisha.