Gunnvor Skjelbred na Barafu Isiyotulia

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Gunnvor Skjelbred anakabidhi funguo za karakana ya vipimo ya taasisi yetu ya utafiti wa barafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Katika muda wote huo hakuna mtu hapa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, aliyewahi kumwona amekaa kitako akanywa kahawa hadi ikaisha. Hunywa akitembea, na madoa ya kwenye ngazi ni ushahidi.

Alianza kama fundi wa betri. Mwaka wa tatu alipelekwa Antaktika, akarudi huko mara kumi na moja. Vipokezi saba vya setilaiti alivyovisimika juu ya barafu inayoelea hutuambia kila saa barafu imesogea kiasi gani kuelekea baharini. Kimoja alikitengeneza kwa kijiko cha chai, na jikoni kwetu kuna upungufu hadi leo.

Sasa nifike ninapopaogopa. Mimi, Sverre Aunli, mtafiti wa barafu ninayeandika haya, nilikaribia kumharibia kazi.

Mwaka 2004 vipimo vyake vilionyesha barafu ikikimbia wiki moja na kujikokota wiki inayofuata, tena na tena. Nikasema barafu nene kuliko jengo letu haiwezi kuwa na wazimu huo. Vifaa ndivyo vibovu. Nikamwandikia mkurugenzi. Ikaamuliwa vipokezi vyote ving'olewe safari iliyofuata, na Gunnvor abaki nyumbani.

Aliingia ofisini kwangu na chakula chake cha mchana, akakunjua karatasi ya mkate, akachora juu yake mstari wa kupanda na kushuka, akauweka kando ya jedwali langu la maji kujaa na kupwa.

“Tazama, Sverre. Siku za bamvua, maji yakijaa kupita kawaida, inakimbia. Siku za maji mafu, yakijaa kidogo tu, inajikokota. Bahari ikiinyanyua sana, inapoteza mshiko wake pale inapogusa mwamba, inateleza. Vifaa vyangu vizima.”

“Kwa hiyo barafu yote ile inahesabu siku za mwezi?” nilimkejeli.

“Inahesabu kuliko wewe! Wewe umezoea wastani wa mwaka mzima. Kwa wastani, hata mimi nimekaa kitako.”

Nilicheka, kisha nikakosa raha siku nne. Siku ya tano nilirudia hesabu. Bamvua baada ya bamvua, mstari wa ile karatasi yenye siagi ulikaa sawasawa. Vipokezi vikaachwa mahali pake, na Gunnvor akasafiri.

Ripoti ya ugunduzi huo ilitoka kwa jina langu peke yangu. Mwishoni kabisa niliandika, “Shukrani kwa mafundi.” Gunnvor aliisoma amesimama, kikombe mkononi.

“Mafundi wangapi?” akauliza, akaenda zake.

Hakulirudia swali hilo tena. Mimi limenisumbua miaka ishirini na moja, na kila nikimwona akipita mlangoni nilijifanya nina kazi. Niliona haya, na bado ninaona.

Jibu ni mmoja, Gunnvor. Toleo jipya la ripoti limetoka Jumatatu. Jina lako limetangulia, langu linafuata, na picha ya karatasi yako iko ukurasa wa kwanza, doa la siagi na vyote.

Asante kwa kazi yako na kwa subira ambayo sikuistahili. Wote hapa tunakuombea afya na siku njema nyingi. Ijumaa yenyewe ni bamvua, na barafu yako itakuwa mbioni. Njoo uitazame kwenye skrini. Kiti hatukuwekei.