Mshipi Mnene wa Bu Sutirah

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, maana nilicheka kabla ya kusikia yote. Ndani ya basi la kwenda ufuko wa Samas, mbele yangu walikaa Mzee Wagiman, ambaye macho yake yameingia ukungu, na mkewe, Bu Sutirah, yaani Mama Sutirah. Mama alikuwa ameupakata ufito wa kuvulia samaki wa mumewe, akiunga kipande cha mshipi mnene mbele ya ule mwembamba.

"Acha bwana, mke wangu! Huo mnene unaninyima hatua kumi. Wenzangu warushe nyuma ya mawimbi, mimi nivue vidole vyangu vya miguu?"

"Mwembamba hauwezi nguvu zako. Ukikatika unaporusha, chubwi zito linatoka kama risasi."

"Ulikatika mara moja tu!"

"Na mwavuli wangu ukatoboka mara moja tu. Nilikuwa chini yake, nangoja kukutilia chambo."

Hapo ndipo nilipocheka, nikajitia mjuzi: "Mama, si ukae mbali tu, mzee arushe atakavyo?" Ufito wangu ulikuwa na mshipi mwembamba mtupu, tangu mwanzo hadi kwenye chubwi la kuzamishia ndoana.

Bu Sutirah alilowesha fundo kwa mate, akalikaza, akauzungusha mshipi mnene mara sita kwenye gurudumu la ufito. Kisha akautazama ufito wangu, taratibu, huku basi likisimama.

"Haya, baba, nitakaa mbali," akamwambia mumewe. "Chambo atakutilia huyu bwana, kama chubwi lake halitakufikia kwanza."